Waya wa Mheshimiwa na Fomu Namba Tisa

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, maana kulitaja ni mpaka uombe kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, yenye viongozi wenye akili nyingi kuliko zinazohitajika, na kwamba mimi ni raia wake mtiifu. Jina langu Sikudhani. Nimekuwa mpiga chapa katika Wizara ya Waya na Maadili kwa miaka ishirini na miwili, na muda wote huo sijawahi kumkosoa mkubwa hata nukta. Nawaombeni mlishike hilo, kwa sababu kuna watu wananisema vibaya.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Dokta Baltazari Ngoloka. Udokta wake alipewa na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho mpaka leo tukikiandikia barua hakijibu. Asubuhi moja alikuwa nyumbani kwake, anatazama kwenye intaneti hotuba yake mwenyewe, picha ikaganda akiwa ameachama mdomo. Ikaganda dakika nne nzima. Akamwita mhandisi mkuu wa wizara na kumwuliza nani kamgandisha.

Mhandisi ana familia. Hakuthubutu kusema kwamba waya wa Mheshimiwa mwenyewe umebebeshwa mzigo. Akasema, "Ni wananchi, Mheshimiwa. Mtu ananunua waya mmoja wa nyumbani, anaweka ruta, halafu kompyuta tatu, nne, zote zinagawana."

"Zinagawana?" Mheshimiwa akashika kifua. "Bila aibu?"

Wiki hiyo hiyo akasimama bungeni, na hotuba nilimchapia mimi. "Waheshimiwa, waya ni kama mswaki. Nani humu ndani anachangia mswaki na shemeji yake?" Wabunge wakapiga meza mpaka maji ya kunywa yakamwagika. Sheria ya Kuzuia Ugawaji wa Waya ikapita kabla ya chai ya saa nne. Waya mmoja, kompyuta moja. Kompyuta ya pili chini ya dari hilo hilo ikitaka intaneti, ivutiwe waya wake na nguzo yake, na ije na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

*

Nyumbani kwangu kulikuwa na kompyuta tatu. Moja yangu, moja ya binti yetu Hidaya anayechora ramani za nyumba, na moja ya mume wangu, Mwalimu Mfaume. Mwalimu amestaafu lakini ualimu haujamstaafu. Kila siku alikuwa anakaa mbele ya kompyuta yake akifundisha aljebra watoto wa watu waliofeli, bure kabisa, huku Hidaya akichora chumba cha pili na mimi nikichapa sebuleni. Ruta alikuwa ameiweka mwenyewe juu ya kabati, juu ya kitambaa changu cha kufuma. Tulikuwa tunaishi vizuri. Shida yake Mwalimu ni sukari tu. Anachoma sindano asubuhi na jioni na kula kwa saa.

Wakaguzi walikuja Jumanne saa tatu asubuhi, watu wanane, magari mawili na ngazi. Aliyewaongoza ni Bwana Kombo Tindwa, Mkaguzi Mkuu wa Ugawaji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kike.

"Mama, humu ndani kuna ugawaji?"

"Kuna uji. Karibuni," nikamwambia.

Hakucheka. Akaiona ruta juu ya kabati, taa zake zinamemeta. Akazihesabu kwa kidole. "Hii ya tatu inamkonyeza nani?"

Mwalimu akatoka chumbani na miwani yake puani. Huyu mume wangu amefundisha miaka thelathini na nane. Akimwona mtu hajaelewa jambo hawezi kumwacha apite. Akaanza kumweleza Bwana Kombo pole pole: waya unaingia mmoja, ruta inapokea, inagawa, kila kompyuta inapata zamu yake, tena kwa haraka ambayo wewe huwezi kuiona. "Ni sawa na uji wa shule, kijana wangu. Sufuria moja, upawa mmoja, vikombe vingi. Hakuna anayeibiwa."

Bwana Kombo aliandika kila neno. Halafu akafunga daftari. "Mtuhumiwa amekiri," akawaambia wenzake, "na ametaja sufuria."

Ruta ikatiwa pingu. Sitanii. Pingu zilikuwa kubwa, zinateleza, ikabidi waifunge kwenye antena. Mwalimu yeye hakufungwa kwa sababu pingu walizokuja nazo zilikuwa zimekwisha. Alipanda gari na kandambili zake. Nilipomkimbilia na mfuko wa sindano, Bwana Kombo akaupokea, akauchungulia, akanirudishia.

"Hizi zinahitaji kibali, mama."

Kibali! Na ofisi nimekwisha kukuambieni iko semina.

*

Nikaenda kwa Mheshimiwa. Miaka ishirini na miwili nimechapa barua za wizara ile, na kumi na moja kati ya miaka hiyo nimemchapia yeye, zikiwemo barua ambazo mkewe hatakiwi kuziona. Nilidhani itasaidia.

"Mheshimiwa, mume wangu ana sukari. Naomba apate sindano zake tu. Kesi atajibu."

Alikuwa anakula papai. Akala kipande, akafuta mdomo. "Bi. Sikudhani, mimi nakuheshimu. Lakini sheria haimjui mume wa mtu."

"Basi ashtakiwe leo leo, Mheshimiwa, tujue moja."

"Hawezi kushtakiwa mpaka Daftari la Taifa la Waya likamilike. Daftari halikamiliki mpaka raia wote wajaze Fomu Namba Tisa." Akatabasamu, na meno yake yalikuwa na papai. "Na Fomu Namba Tisa hujaichapa."

Jamani, alikuwa anaona raha. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Nikasema ahsante Mheshimiwa, nikatoka kinyumenyume kama itakiwavyo. Lakini humu kifuani kitu kilikaa kitako siku ile, na nikakiacha kikae.

Hidaya akawa anashinda getini mahabusu na mfuko wa sindano. Akiwa zamu askari mwenye huruma, baba yake anachomwa mara moja kwa siku. Akiwa zamu yule mwingine, hachomwi kabisa. Mimi nikawa nasubiri kuchapa fomu.

*

Kikao cha fomu kilifanyika siku ya tatu tangu Mwalimu achukuliwe. Tulikuwa wanne: Mheshimiwa, Wakili Nyakato wa idara ya sheria, mama wa chai, na mimi na kompyuta yangu. Wakili Nyakato akasoma rasimu aliyoiandika. Ilikwenda vizuri mpaka kipengele cha tano: "Je, waya wa nyumba yako unahudumia pia saventi kota?"

Mheshimiwa akapiga meza. Maana alikuwa pia Mwenyekiti wa Kamati ya Lugha Safi. "Saventi kota! Tumepata uhuru ili tuandike saventi kota? Kwa Kiswahili ni nini?"

"Banda la uani, Mheshimiwa," akasema Wakili.

"Banda ni la kuku. Raia wangu hawakai bandani." Akainuka, akaenda dirishani, mikono nyuma, tumbo mbele. Tukasubiri. "Pale kiwanjani kuna nyumba kubwa. Sivyo? Na nyuma yake kuna nyingine, ndogo. Lugha yetu ni tajiri, tatizo lenu hamfikiri. Andika: nyumba ndogo."

Mama wa chai aliweka birika chini akatoka. Wakili Nyakato alikohoa, akanitazama, akatazama karatasi zake.

Sasa wewe unajua na mimi najua nyumba ndogo ni nani. Hakuna mtu mzima nchini asiyejua. Ni yule mwanamke wa pembeni ambaye mume akiwa kwake, mke huambiwa yuko kikaoni. Mheshimiwa naye anaye, tena nchi nzima inamjua, isipokuwa yeye hamwiti hivyo. Yeye humwita Ofisi ya Kanda. "Nakwenda Ofisi ya Kanda," anasema, na dereva anampeleka kwenye nyumba yenye geti la rangi ya waridi, mita mia tatu nyuma ya kwake. Mwaka uliotangulia wizara ilichimba mtaro kutoka ukutani kwa Mheshimiwa mpaka kwenye geti hilo, tukafukia waya, na yeye akakata utepe kuzindua Mkongo wa Taifa, Awamu ya Kwanza. Hotuba ya uzinduzi nilichapa mimi. Mtu akishaita kitu Ofisi ya Kanda miaka sita, nadhani jina lake la kweli linamtoka kichwani.

Ningeweza kumwambia. Ni neno moja tu: Mheshimiwa, samahani. Lakini mtu wa mwisho kumsahihisha Kiswahili alihamishiwa kituo cha kupima mvua, sehemu ambayo mvua hainyeshi. Na mimi ni nani hata nimkosoe Dokta? Nikauliza tu, kwa adabu, "Niandike herufi kubwa, Mheshimiwa?"

"Herufi kubwa," akasema. "Wasiojua kusoma wasipate kisingizio."

Akaniachia mimi kuipamba. "Ongeza maswali ya kitaalamu," akasema, "wewe una uzoefu." Basi nikaongeza, ya kitaalamu matupu, mhandisi yeyote atakwambia. Taja jina la mkaazi wa NYUMBA NDOGO na umbali wake kutoka nyumba kubwa kwa mita. NYUMBA NDOGO huunganishwa mara ngapi kwa wiki, na kwa muda gani kila mara? Je, nyumba kubwa na NYUMBA NDOGO zinatumia nywila moja au kila moja ina yake? Kipengele cha tisa nikakiandika hivi: Je, nyumba kubwa ina taarifa? Chini nikaweka nafasi ya sahihi ya mume, na nafasi ya sahihi ya mke aliyeshuhudia kila jibu. Adhabu ya kudanganya, miaka mitatu.

Mheshimiwa alisaini bila kusoma. Huwa anasoma ukurasa wenye picha yake tu.

*

Fomu zikasambazwa nchi nzima siku ya tano, na siku ya sita nchi ikanyamaza. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Wanaume wazima walionekana wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao wameshika karatasi, hawaingii wala hawatoki. Maduka ya dawa yakaishiwa panadoli. Wengine walipanda juu ya mapaa wakakata waya wao wenyewe kwa kisu, wakashuka na kutangaza kwamba intaneti ni ya shetani. Mbunge mmoja alisimama kuomba mwongozo wa Spika iwapo nyumba ndogo iliyopo mkoa mwingine inahesabika kuwa kiwanja kile kile. Spika akasema suala hilo ni zito, akaahirisha bunge, na mwenyewe akaelekea mkoa mwingine.

Wanawake? Weee! Wanawake walizipenda. Walikuja dirishani kwetu kuomba nakala za ziada kwa ajili ya shangazi zao.

Siku ya saba Bwana Kombo Tindwa akaja ofisini kwangu. Akafunga mlango. Hakuwa na ngazi.

"Mama Hidaya, shikamoo." Kumbe ananijua jina! "Hii namba tisa hapa. Mtu akiiacha wazi?"

"Fomu isiyojazwa ni kosa, Bwana Kombo. Wewe ndiye mkaguzi."

"Na kama..." akameza mate, "kama ziko mbili?"

"Karatasi za nyongeza ziko dirisha namba tatu," nikamwambia. "Mume wangu anaendeleaje huko kwako? Mguu wa kushoto umeanza kuvimba, nimeambiwa. Sindano zake bado zinasubiri kibali?"

Akaondoka amebana fomu kwapani, nami nikaendelea na karanga zangu. Hata hivyo kesho yake Mwalimu alichomwa mara mbili, asubuhi na jioni. Lakini mguuni kidonda kilikuwa kimeshafunguka.

*

Siku ya kumi na moja ilikuwa siku ya mfano. Sheria ilisema raia wa kwanza kuwasilisha fomu awe Waziri mwenyewe, hadharani, televisheni ikirusha moja kwa moja. Kwenye jukwaa walikaa Mheshimiwa na mkewe, Mama Tusekile, mwanamke mnene mpole ambaye kwa miaka yote amehudhuria hotuba za mumewe akisinzia kwa heshima. Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta, nikichapa majibu yatokee kwenye skrini kubwa.

Mheshimiwa alianza kwa sauti ya kuvunja kuni. Jina. Cheo. Kiwanja namba. "Kipengele cha tano! Je, waya wa nyumba yako kubwa unahudumia pia nyumba..."

Akasimama hapo.

Nililiona neno likimwingia. Lilipita sikioni, likashuka shingoni, na jasho likatokea mahali lilipopita. Akanigeukia. Nikamtazama kwa utiifu, vidole juu ya herufi, nasubiri.

"Hapana," akasema. "Andika hapana."

Nikachapa HAPANA kwenye skrini, naye akaiandika kwenye fomu yake ya karatasi. Lakini kifungu cha kumi na nne, alichokitunga yeye mwenyewe, kinasema kila jibu lihakikiwe papo hapo kwa kuifungua ruta ya mhusika na kusoma orodha ya kompyuta zilizounganishwa. Mhakiki alikuwa Bwana Kombo. Mke wake Kombo alikuwa amehamia kwa dada yake na vyombo vyote, kwa hiyo hakuwa na la kuogopa tena duniani. Akabonyeza. Orodha ikajitokeza kwenye skrini, kila herufi inatosha mlango.

BABA. MAMA. JIKONI. MALKIA WA OFISI YA KANDA. Na mbele ya hilo la nne: imeunganishwa sasa hivi.

Mama Tusekile alikuwa macho. Sijui aliamka saa ngapi.

"Baba Gwakisa," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Mkongo wa Taifa si uliniambia umefika mpakani?"

"Ulifika, mama," Mheshimiwa akasema. "Ulifika... mpaka fulani."

Mama Tusekile akanyoosha mkono akachukua kalamu. Akakata HAPANA, akaandika NDIYO. Kwenye umbali akaandika: mita 300, nimepima kwa miguu yangu. Jina la mkaazi akaliandika lote, la kwanza, la baba na la ukoo. Kipengele cha tisa, je, nyumba kubwa ina taarifa, akaandika: Tangu mnafukia mtaro. Akasaini kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka, akampa Bwana Kombo fomu.

"Haya, mkaguzi. Si mnakamata? Kamata."

Bwana Kombo safari hii alikuwa na pingu za kutosha.

*

Mheshimiwa alikaa mahabusu saa mbili na nusu. Huo ndio muda uliohitajika Baraza la Mawaziri kukutana, kwa sababu kati ya mawaziri kumi na tisa, kumi na saba walikuwa hawajarudisha fomu na walikuwa na hamu kubwa ya kutozirudisha. Wakatafuta njia ya kumtoa mwenzao. Wanasheria wakawaambia njia ni moja: ugawaji usiwe kosa. Na ugawaji usipokuwa kosa, waliokamatwa kwa ugawaji watatoka wote. Waliguna sana hapo. Kisha wakatangaza kwamba kugawana waya ni desturi yetu tukufu tangu enzi za mababu, sheria ikafutwa, na fomu zikachomwa moto na askari wa zimamoto wakisimamia. Mheshimiwa akateuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo hatuna uhusiano nayo, kwa hiyo mpaka sasa yuko uwanja wa ndege.

Alinipigia simu kutoka huko. "Ulijua, Sikudhani! Ulijua tangu mwanzo!"

"Mimi ni mpiga chapa tu, Mheshimiwa," nikamjibu. "Nilichapa kama ulivyosema. Herufi kubwa."

Mwalimu tulimpokea getini, mimi na Hidaya. Alikuwa amekonda, miwani imevunjika mkono mmoja, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa cha shati. Ndani ya gari akatusimulia kwamba walimletea mwenzake chumbani, mtu mzima na suti, analia. Akamgawia nusu ya mkate wake. Akamweleza na jinsi ruta inavyofanya kazi, kwa sababu aligundua yule bwana hajui kabisa.

"Alielewa mwishoni," Mwalimu akasema. "Maskini, nilimhurumia."

"Usimhurumie!" Nilipiga kelele mpaka dereva akakanyaga breki. "Mfaume, nakuapia, huruma yako mpe mtu mwingine, yule niachie mimi!"

Hidaya akacheka, kisha akaanza kulia, tukawa hivyo mpaka nyumbani.

Ruta tulirudishiwa, antena moja imepinda. Waya ni ule ule mmoja na kompyuta ni zile zile tatu. Kila asubuhi nachemsha maji, natia chumvi, naosha kidonda cha mume wangu. Hakijafunga. Mwalimu hukunja uso, na hapo ndipo ninapomwambia Hidaya awashe. Anawasha ya kwake, ya baba yake na ya kwangu, na kwenye zote tatu kwa pamoja, katika ile video ya siku ya mfano, Mama Tusekile anachukua kalamu na kukata ile HAPANA. Haigandi hata kidogo. Daktari anasema kidonda cha mtu wa sukari kinaweza kuchukua mwaka mzima kupona. Sawa. Tutatazama mwaka mzima.